Mkwezi Aliyeogopa Kuwa Maksai

Mwenzangu, hili nakuhadithia kama ningemhadithia mtu niliyekaa naye jikoni, mie nakuna nazi, yeye anachagua mchele, na mlango tumeurudisha. Ni mambo ya mwili wa mwanamume, tena wa mume wangu mwenyewe. Usidhani nimemwibia siri yake. Nilimwomba ruhusa, akafikiri kutwa, jioni akanambia, "Andika. Jina tu usiliweke. Atakayenijua atanijua." Basi jina lake sitii, na langu sitii, mengine yote nayatia.

Sisi ni watu wa Kiegeani, kisiwani Mafia. Mume wangu ni mkwezi. Mtu minazi yake ikikomaa anamwita, anapanda, anaangua, anashuka, anahamia mnazi wa pili. Nilipoolewa nilikuwa nikimtazama kwa kuiba, nasema moyoni, huyu Mungu kamuumbia minazi. Anaukumbatia kwa mikono na mapaja, ukigeuka kidogo kumfukuza kuku, ukirudisha macho yuko kileleni, na kutoka kule juu unasikia anasoma kaswida.

Kazi yake ya pili kairithi kwa baba yake, nayo ni kuhasi ng'ombe. Huku kwetu ng'ombe wanalishwa chini ya minazi, na madume wakizidi wanaumizana, wanavunja nyua, wanaingia kwenye mihogo ya watu. Basi mwenye ng'ombe anamwita mume wangu. Ndama dume analazwa, anafungwa, zile kokwa zake mbili zinatolewa, panatiwa dawa, kwisha. Akikua anaitwa maksai. Mume wangu anawajua maksai kama mie ninavyozijua sufuria zangu. Alikuwa akinieleza: shingo yake haijai, nundu haisimami, jike anapita mbele yake, yeye anakula majani tu. "Umemwondolea udume," anasema, "umebaki na mnyama mpole." Yashike maneno hayo, maana ndiyo yaliyotutesa.

Mume wangu akashikwa na busha.

Lilianza dogo, akaficha. Likakua, halikufichika. "Madafu haya," akasema, na hakuna aliyembishia, kwa sababu ndivyo tulivyokuzwa: mtu akinywa madafu mengi, maji yanashuka yanajaa kule chini. Na nani anayekunywa madafu kumshinda mkwezi? Akaacha. Akawa yeye ndiye anayeangua, watu wanakunywa, yeye anakuja kuomba maji ya kisima. Busha halikumsikiliza, likazidi.

Mnazi unapandwa kwa mapaja. Siku moja alifika katikati ya mnazi, akasimama, akashuka polepole, akaenda nyumbani akaitundika kamba yake ukutani. Toka hapo akawa anafua nazi tu. Kasimama mbele ya kifuo chake, kile kijiti chenye ncha kilichochimbiwa chini, anachoma kumbi, anachana, anatupa, kutwa.

Vijana wa barazani wakapata la kuchekea. "Mzee, hilo dafu linaanguliwa lini?"

"Likishakuwa nazi," anawajibu, "nitakuiteni mje mkune."

Wanacheka, na yeye anacheka nao. Halafu anaingia ndani, nampakulia, hali.

Lakini haya yote ningeyavumilia. Riziki ya mnazi ikifungwa, Mungu ana milango mingine. Lililoniuma mie ni msikiti. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiadhini alasiri, miaka na miaka, na safu ya kwanza watu walikuwa wakimwachia nafasi yake. Akaanza kuvaa shuka pana juu ya shuka. Akaacha kuadhini, maana mwadhini anasimama mbele ya macho ya watu. Akahamia safu ya nyuma. Mwisho akawa anaswali chumbani, mlango kaufunga. Mtu anayeipenda swala kama yeye, kuionea haya safu ya kwanza. Nilikuwa nikimaliza kuswali nainua mikono namwombea hilo tu, arudi pale alipokuwa akisimama.

Sasa nikueleze yangu. Mie shule niliishia darasa la saba, nikaolewa, nikazaa, nikalea. Mtoto wa mwisho alipotoka mikononi nikajiandikisha masomo ya jioni, yale ya watu wazima, tunaingia baada ya alasiri, tunatoka magharibi ikikaribia. Asubuhi nauza barafu za ubuyu na ukwaju, jioni nachukua daftari langu naondoka. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mtu wa ulimi. Akiniona napita kwake hanikosi.

"Wifi, hivi huko kaburini kuna mtihani wa baiolojia?"

"Kaburini sijui, wifi. Najua siku ya Kiyama nitaulizwa umri wangu nimeumalizia wapi. Wewe utasema wapi, hapo barazani?"

Anacheka mpaka anashika mbavu, na kesho yake anarudia vilevile. Sikuacha hata hivyo. Mvua sikuacha, mfungo sikuacha, nilikuwa nakwenda na tende yangu kwenye mkoba.

Mwalimu wetu wa baiolojia ni kijana wa bara, rika la mwanangu mkubwa. Kila jioni yeye ndiye anayeniamkia, "Shikamoo mama," naitika marahaba, kisha nageuka mwanafunzi wake. Jioni moja tukafika kwenye mfumo wa uzazi wa mwanamume. Akanitazama na ushungi wangu, akawatazama akina mama wenzangu, akaanza kufuta ubao usiokuwa na kitu.

"Mada hii," akasema, "nafikiri mnaweza kuisoma wenyewe nyumbani."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, nyumbani atanifundisha nani? Hapa sote wazazi. Elimu haina haya, tufundishe."

Nyuma kulikuwa na dereva wa bodaboda, naye mwanafunzi kama sisi. Akasema, "Fundisha tu mwalimu. Wenye mali tupo na hatujakataza."

Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka, haya ikamtoka, akaanza kuchora. Akatuambia ndani ya korodani kuna vijimrija vyembamba, virefu, vimesokotana, na humo ndimo zinamotengenezwa mbegu za kiume. "Lakini homoni ya kiume," akasema, "haitoki humo. Inatoka kwa seli nyingine, zimekaa kwenye nafasi baina ya mrija na mrija, vikundi vikundi, karibu na mishipa ya damu." Akachora, akafuta, akachora tena. Hakuna aliyeelewa. Mie nikatazama ule mchoro, nikaona kitu ninachokijua.

"Mwalimu, kama zabibu kwenye tambi za sukari?"

Akasimama na chaki yake akifikiri. "Ndiyo, mama. Tambi ndiyo vijimrija. Zabibu ndizo hizo seli."

"Basi Ramadhani hii mie tambi ndiyo nimeziaga," akasema yule wa bodaboda, na mama niliyekaa naye akajifunika uso kwa ushungi, mabega yanamtetemeka.

Seli hizo zina jina la mzungu aliyeziona kwanza. Naweza kuliandika, mtihani wautaka, lakini kulitamka linanikwaza ulimi, kwangu mie ni zabibu. Na kazi yake ni hii. Kuna tezi ndogo chini ya ubongo, kama punje ya harage, inatuma salamu kwa njia ya damu. Zabibu zikipata salamu zinachukua lehemu, yale mafuta ya mwilini ambayo watu siku hizi wanayaogopa, zinaipika hatua kwa hatua mpaka inageuka homoni, jina lake testosteroni. Haipitishwi kwenye mrija. Inaingia kwenye damu moja kwa moja, na damu inaipeleka kila pahali: kijana anavunja sauti, anaota ndevu, misuli inajaa, mifupa inakomaa, na hamu ya mke inakuja. Ikishatosha, ubongo unajua, unapunguza kutuma salamu. Nilikaa pale na kalamu yangu nikasema Subhanallah. Mola kachukua mafuta, kayapa kazi ya kumfanya mtoto awe baba wa watu.

Na muda wote ule mie moyo wangu uko nyumbani. Wenzangu walipotoka nikabaki mlangoni.

"Mwalimu, mtu akiwa na busha, zabibu zimeharibika?"

Akaelewa, nadhani, wala hakunihoji. "Busha ni maji, mama. Yamekusanyika kwenye mfuko unaoizunguka korodani. Korodani yenyewe iko ndani, maji yako nje yake. Zaidi ya hapo mimi si daktari. Nenda kaulize hospitali."

Nilimpenda kwa neno lile la mwisho. Kesho yake nikapanda gari kwenda hospitali ya Kilindoni, nikamtafuta muuguzi mtu mzima, nikamuuliza yote bila kukata maneno. Akanambia busha la huku kwetu, mengi yake, chanzo ni minyoo midogo inayoletwa na mbu, si madafu. Akanambia wanaofanyiwa upasuaji wanatolewa maji na ule mfuko unashughulikiwa usijae tena, korodani zinaachwa pale pale. Tena madaktari wa kazi hiyo walikuwa wanakuja wiki ile ile, na gari la matangazo limeshaanza kuzunguka vijijini.

Nikarudi mbio. Nilimkuta mume wangu kwenye kifuo chake, jua la alasiri limemwangukia mgongoni. Nikavuta kibao nikakaa.

"Baba watoto, gari la matangazo limepita?"

"Limepita."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi?"

Akaichoma nazi, akachana kumbi, akaitupa. Akachukua nyingine akaishika tu mkononi. "Mke wangu, mie ndiye ninayehasi katika kijiji hiki. Hakuna anayejua kuliko mie kisu kikipita pale kinafanya nini. Unataka uishi na maksai ndani ya nyumba?"

Mwenzangu, miaka yote ile nikidhani ni haya. Kumbe ni hofu, tena hofu ya mtu mwenye ujuzi wake. Watu wengine wangeogopa kisu kwa kutokijua. Yeye alikiogopa kwa kukijua.

"Ningoje," nikamwambia.

Nikaingia jikoni, nikachukua kifuko kimoja cha vile ninavyotilia barafu, nikatumbukiza ndimu, nikajaza maji, nikafunga fundo. Nikamletea.

"Nini hiki?"

"Busha."

Akakitazama. "Dogo hili," akasema, na kicheko kikamponyoka kabla hajakizuia.

"Ndani kuna nini?"

"Maji na ndimu."

"Wewe ukihasi ndama, unatoa nini?"

"Ndimu."

"Umewahi kuhasi ndama kwa kumtoa maji?"

"Ndama maji anayapata wapi?"

"Basi jibu umelitoa mwenyewe." Nikachoma kifuko kwa mwiba wa mlimau, maji yakamwagikia miguu yake, ndimu ikabaki imelala kwenye kifuko kilichonywea. "Kazi yako wewe ni kutoa ndimu. Kazi ya daktari ni kutoa maji na kuutengeneza mfuko. Ndimu haitaki."

Akainama, akaichukua ile ndimu, akaigeuza geuza. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ile ya mtu anayeulizia kazi, "Na huo udume wenyewe umekaa wapi humu?"

Nikamweleza. Tambi nikamweleza, zabibu nikamweleza, na ile tezi inayotuma salamu, na mafuta yanavyopikwa yakaingia kwenye damu. Nilieleza vizuri, nasema kweli. Mdomo wangu uliokuwa ukikwama ubaoni, pale haukukwama hata mara moja. Akasikiliza, halafu akanipa swali ambalo darasani hakuna aliyelifikiria.

"Mbona ndama ukimwachia kokwa moja, anakua dume vilevile? Atapanda majike, atapigana, kila kitu."

Nikafikiri kidogo. "Kwa sababu hiyo moja nayo ina zabibu zake. Zinasikia salamu, zinapika."

Akapiga paja. "Ndiyo maana. Baba alikuwa akinambia, ukiacha moja hujafanya kazi. Ila kwa nini, hakuwahi kunambia. Nadhani naye hakuwa akijua." Akaitia ile ndimu mfukoni. Halafu akakumbuka. "Na madafu?"

"Madafu hayamo. Ni mbu."

"Mbu?"

"Mbu. Kaambukiza minyoo, minyoo imeziba njia, maji yamejaa."

"Miaka yote hii nimekunywa maji ya kisima kwa kosa la mbu?" Hapo ndipo alipokasirika, mwenzangu. Kwa busha hakukasirika kama alivyokasirika kwa madafu.

Hakunipa jibu siku ile. Alisema ataswali, amwachie Mungu. Asubuhi, nimemaliza uradi wangu wa baada ya swala, namkuta kavaa kanzu, kasimama mlangoni. "Nani mwenye bajaji asubuhi hii?" akaniuliza.

Hospitali kulikuwa na benchi la wanaume, kila mmoja kajitanda shuka pana, kila mmoja anatazama vidole vya miguu yake. Hakuna anayemwamkia mwenzake. Mume wangu akaketi kati yao. Zamu yake ilipofika, daktari akampima, akamweleza. Alipomaliza, mume wangu akasema, "Daktari, niwie radhi. Nina swali moja. Zabibu zangu utaziacha?"

Daktari akamtazama, akanitazama mie niliyesimama mlangoni. Ikabidi nieleze, mbele ya muuguzi na yule aliyefuatia zamu. Daktari akacheka, lakini alipomjibu hakuwa anacheka. "Korodani zako zote mbili nzima, mzee. Sizitoi. Zabibu zitabaki pale zilipo." Kwenye benchi nikaona vichwa vinainuka. Mmoja akamuuliza mwenzake, "Kasema hazitoi?" na mwenzake, "Kasema hazitoi." Wakaanza kuzungumza.

Niliona fahari siku ile, na ninaiandika hapa bila kuomba samahani. Mume wangu aliuliza mbele ya watu kitu ambacho wote wale walitaka kuuliza wasithubutu. Na neno alilolitumia lilitoka jikoni kwangu.

Akafanyiwa upasuaji, akatoka salama. Alikaa nyumbani, uvimbe ukapungua pole pole, tukafuata masharti yote. Kila asubuhi alikuwa akijishika kidevu. "Hebu tazama, ndevu zipo?"

"Zipo, tena zinachoma."

"Na sauti?"

"Sauti ile ile iliyoniposa."

Mengine ya chumbani hayamo humu, ila jua tu kwamba simshitakii mtu.

Jioni moja, yeye kishapona na daktari kishamruhusu, natoka nyumbani nakwenda darasani, nimeshika daftari, nikasikia adhana ya alasiri. Nilisimama katikati ya njia. Sauti ilikuwa nzito, imetulia, na pale kwenye "hayya alas-swala" aliivuta kama zamani. Wifi yangu alikuwa barazani kwake. Akaniona, naye akasimama. Safari hii hakunitania. Akasema tu, "Kaka huyo," na khanga yake akaipeleka machoni. Alasiri huwa naiswali kule shuleni, siku ile nikarudi nyumbani kuswali kwanza. Darasani nilichelewa, mwalimu akaniuliza, nikamjibu, "Nilikuwa nasikiliza adhana."

Sasa nikumalizie na la juzi. Jirani yetu mmoja, mtu mkimya, alikuja akazunguka maneno: mvua, bei ya nazi, mihogo, mpaka mume wangu akamwonea huruma. Akaita, "Mke wangu, tuletee kifuko kimoja cha barafu na ndimu." Nikaleta, nikarudi jikoni. Namsikia anaeleza, maji, ndimu, mwiba, tambi, zabibu, hakuruka hata moja. Akafika kwenye tezi. "Kuna kitezi," anasema, "kiko hapa kisogoni."

Nikaita kutoka jikoni, "Chini ya ubongo, si kisogoni."

"Umesikia," akamwambia jirani. "Mwalimu kasema chini ya ubongo."

Jirani akauliza lile lile. "Na madafu?"

Mume wangu akainuka. Akaingia ndani, akaitungua kamba yake ukutani. Ule mnazi mfupi wa uani akaupanda, taratibu, si kama zamani, lakini mapaja yameushika. Akaangua madafu mawili, akashuka, akalikata la kwanza akalinywa lote kasimama pale pale, halafu ndipo akamkatia mgeni. Jirani akalishika, akalitazama, akanywa. Kesho yake asubuhi nilimwona anapita kuelekea Kilindoni, kavaa kanzu.

Mtihani wangu bado sijaufanya, nasubiri tarehe, inshallah nitaufanya. Wewe mwenzangu, kuna mtu unayemjua kajifungia chumbani na shuka yake pana. Huenda ni baba yako, au mjomba, au yule aliyeacha kukaa barazani. Msomee haya, na kama unaona haya kumsomea, mpe mkewe amsomee. Mwambie aende akapimwe na daktari, mbu ajikinge nao kwa chandarua, vidonge vya busha na matende vikigawiwa asivikimbie, na madafu anywe. Akikuuliza aliyesema ni nani, mwambie ni mke wa mkwezi mmoja wa Mafia.